Jinsi ya Kuliua Gitaa Ili Lipendwe

Una ndoto ya kufungua kiwanda cha magitaa ya umeme Bagamoyo, na unataka toleo lako lisakwe hata miaka hamsini ijayo? Litengeneze vizuri, uliuze kwa hasara, kisha uache kulitengeneza. Usicheke. Baadhi ya magitaa yanayogombaniwa leo kwa bei ya nyumba yamepitia njia hiyohiyo.

Kuua ndiyo kazi nyepesi. Gibson walitoa Les Paul mwaka 1952. Miaka minane baadaye mauzo yalikuwa yamedorora, wakaliondoa sokoni na kuleta umbo jipya, jembamba, lenye pembe mbili. Flying V lao la 1958 lilisimamishwa baada ya takriban magitaa mia moja tu. Siku nyingine kinachoua ni vibali: mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliibana jamii nzima ya mpingo, huu wetu wa Lindi na Kilwa ukiwamo, na Fender wakabadilisha mbao za uso wa shingo, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, kwenye magitaa yao ya Meksiko. Ala zilizokamilika zilisamehewa 2019.

Sasa subiri. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu hatua hii hainunuliwi kwa tangazo. Gitaa lililokataliwa hushuka bei, likaishia kwenye maduka ya rehani, na ndipo kijana asiye na kitu anapolipata. Jazzmaster la Fender, la 1958, lilikusudiwa wapiga jazz. Wengi wao hawakulitaka, na 1980 likasimamishwa. Vijana wa bendi za Sonic Youth na Dinosaur Jr. wakayaokota kwa bei poa, wakayapigia muziki ambao aliyelibuni hakuuota, na Fender wakarudi kulitengeneza. Les Paul nalo lilirudi 1968, baada ya Eric Clapton kulipiga kwenye albamu ya 1966 akiwa na John Mayall, na wapigaji kuanza kuyasaka yale ya zamani. Waliolifufua ni wapigaji. Kiwanda kilikuja nyuma kukusanya pesa.

Nasi pwani tuna ushahidi wetu kwamba mpigaji ndiye mwenye uzito, si chombo. Nuta Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadili jina nayo ilibadili: ikawa Juwata, kisha OTTU. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Kilichodumu ni mtindo wa Msondo, hadi leo bendi yenyewe inaitwa Msondo Ngoma. Bendi ya Mlimani Park nao, walioanza 1978, walichukua jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo, watu wa pwani hii hii. Sijapata kumsikia shabiki wa Sikinde akiuliza gitaa la solo lilitengenezwa mwaka gani.

Kwa hiyo, wewe unayenunua, usilipie mwaka. Bagamoyo adui ni hewa ya chumvi. Fungua kifuniko kwa bisibisi uangalie ndani: ukiona ukungu wa kijani kwenye tundu la kuchomekea waya, chumvi imeshaingia. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, omba upunguziwe bei. Chungulia shingo kutokea kichwani uone kama imepinda. Ukishalinunua, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana upepo wa bahari huzila haraka.

Na wewe mwenye kiwanda, toleo lako la kwanza usilipeleke dirishani mwa duka. Nenda TaSUBa, chuo cha hapohapo Bagamoyo kilichoanza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, umtafute mwanafunzi mwenye vidole vyepesi asiye na gitaa lake. Mpe. Usimwekee masharti ya nini apige. Mwache apande nalo jukwaani siku ya tamasha, mpaka waliokaa viti vya nyuma waanze kuulizana lile gitaa linauzwa wapi.