Mwalimu wa Breki

Gari langu, Land Cruiser 80 la mwaka 1994, halikunificha kitu. Tulipofika Kasomeno liliwasha taa nyekundu ya breki. Nikafungua boneti, nikakuta likidi imeshuka, nikaongeza. Taa ikazima, nami nikajisifu. Baada ya Kilwa, gurudumu la nyuma kushoto likaanza kulia kama mlango wa kanisa la zamani. Nikapandisha redio.

Mlangoni mwa Pweto kuna watu wanaovuta kamba barabarani ili gari lisimame. Langu lilisimama kamba ikiwa tayari imelala juu ya kioo cha mbele. Askari alihesabu hilo kuwa dharau, na dharau ina bei yake.

Fundi, kijana wa ufukweni karibu na pale Ziwa Moero linapoumwaga mto Luvua, alivua gurudumu chini ya mwembe, akachungulia, akanyamaza sana.

“Papa, plaketi ilishaisha. Iko chuma juu ya chuma. Haukusikia makelele?”

“Nilisikia.”

“Njo ukafanya nini?”

Nilimwambia habari za redio. Alitazama ziwani kwa muda mrefu.

Akanionyesha pini za etrie, yaani kibanio cha plaketi za breki, zile pini zinazoiacha iteleze kushoto na kulia. Udongo wa barabara ulikuwa umezigandisha, kwa hiyo pistoni ilisukuma plaketi ya ndani peke yake, ikaila mpaka bati, huku ya nje ikibaki nusu nzima kama mtoto wa bosi. Na ile likidi niliyoongeza? Haikuwa imevuja popote. Plaketi inapolika, pistoni inatoka zaidi, likidi inaifuata, chombo cha juu kinapungua. Taa ilikuwa ikiniambia “plaketi,” mimi nikaijibu “kunywa.”

Disiki aliipima kwa rula ya shule ya mtoto wake. Mpya ni milimita 18, na ikifika 16 ni ya kutupa. Alikunja jicho moja, akasema 17. Sikubisha.

Nilimpigia shemeji yangu aliyeko Lubumbashi atume plaketi kwa lori linalokuja kuchukua samaki. Siku mbili baadaye zikafika, mpya, nzuri, za mbele. Sikuwa nimemwambia ni za nyuma. Siku mbili nyingine nikala bukari na makobo, nikawa nawajua mbuzi wote wa mtaa ule kwa tabia.

Za nyuma zilipofika, fundi aliitoa etrie, akaitundika kwa waya ili mpira wake usivutike, akaenda kutafuta brashi. Watoto kama kumi walikuwa wamezunguka. Mmoja akauliza, “Papa, motokari inasimamaka namna gani?”

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 11. Swali kama hilo siwezi kuliacha lipite. Nikapanda, nikawaambia watazame kule nyuma, nikakanyaga.

“Imesonga!” wakapiga kelele.

Nikakanyaga tena. Wakafurahi zaidi. Mara ya tano ikasikika pu! kisha kimya, kisha mtoto mdogo kuliko wote akaja dirishani na pistoni mkononi, inachuruzika likidi, imejaa mchanga wa Moero.

Fundi aliporudi hakunigombeza. Aliwagombeza watoto, huku akiniangalia mimi. Nilijitolea kuiosha kwa mafuta ya taa, akaninyang'anya chupa: mafuta ya taa yanavimbisha mpira unaozuia likidi isitoke. Akaiosha kwa likidi yenyewe, taratibu, kama anaosha mtoto mchanga. Kisha akaniita kwenye usukani, kazi ya kutoa hewa.

“Finya! Shikilia! Acha!”

Watoto walikuwa wameshajifunza. Walisema pamoja naye, na kwenye “acha” walisema kwa nguvu kuliko yeye.

Mabati ya plaketi za zamani alimpa mama anayeanika samaki wa chisense jirani, azuie turubai lisipeperushwe na upepo wa ziwa. Mama aliyapima mikononi, moja moja. La ndani akalirudisha.

“Hii iko nyepesi sana,” akasema. “Nani aliikula?”