Uainishaji wa Wasaka-Yai Majumbani

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu za mume huweza kulingoja siku 5. Siku za kushika mimba ni 6 hivi kwa kila mzunguko, na juu ya siku hizo imesimama elimu nzima ya chumbani. Wanaoishughulikia wamegawanyika katika jamii zifuatazo.

1. Wanakalenda. Hupatikana penye kalenda ya ukutani yenye viduara vya kalamu nyekundu, ambavyo mawifi hudhani ni tarehe za marejesho ya kikoba. Imamu wao ni Kyusaku Ogino, daktari wa Japani wa miaka ya 1920, aliyeonyesha kuwa yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi ijayo. Kasoro ya hesabu hii ni kwamba inadai tarehe ya hedhi ambayo haijafika.

2. Wanajoto. Hupima joto alfajiri kabla ya kuinuka, na salamu hawaijibu mpaka kipimajoto kitoke mdomoni. Joto hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, lakini hupanda yai likiwa limekwishatoka. Kwa hiyo jamii hii tunaiweka katika idara ya historia.

3. Wanaute. Hawanunui kitu. Husubiri ute mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Ni wataalamu hodari, ila matokeo yao hayasimuliki mbele ya mama mkwe.

4. Wanavijiti. Huchovya kijiti katika mkojo kutafuta homoni ya LH, ambayo hupanda saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka. Mstari wa kipimo sharti ukolee sawa na ule wa pembeni yake, au kuuzidi. Hapo huzuka mabishano marefu dirishani, na yakifika mwisho mume yuko Tunduma na lori.

Kiambatisho: Wasiopimwa. Jamii hii ni ya kiume. Haina kalenda, kipimajoto wala kijiti, na hutambulika kwa kauli yake moja: “Mimi sina tatizo.” Utafiti uliozaa kauli hiyo haujapata kuonekana, ilhali sababu za upande wa mume huchangia karibu nusu ya kesi za kuchelewa kupata mtoto. Kipimo cha mbegu hufanyika maabara, wala hakihitaji kalenda ya miezi minane.

Mapendekezo. Ute na kijiti vitumike pamoja. Wawili wakutane kila siku au kila baada ya siku moja katika zile 6. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke ametimiza miaka 35, waende kwa daktari wote wawili. Na katika toleo lijalo la uainishaji huu, kiambatisho kihamishiwe sura ya kwanza.