Ombi kwa TSA: Urithi wa George W. Bush Upitishwe Kwenye Mashine

Kwa Mamlaka ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (TSA),

YAH: MAOMBI MANNE KUHUSU URITHI WA RAIS WA 43

Urithi wa George W. Bush hujadiliwa zaidi mahali pasipo na foleni: kwenye kumbi za vyuo, kwenye vitabu vya wasifu, na kwenye maktaba yake iliyozinduliwa Dallas mwaka 2013. Huko huzungumzwa Iraq, kimbunga Katrina na mabenki ya 2008. Lakini mahali ambapo urithi huo humgusa mwananchi kwa mikono, tena mikono yenye glavu za bluu, ni kwenye kituo cha ukaguzi cha TSA. Kwa hiyo Mamlaka ndiyo mtaalamu wa jambo hili, na ndiyo inayostahili kuandikiwa.

Mamlaka yenyewe ni mtoto wa rais huyo. Sheria iliyoiunda ilitiwa saini Novemba 19, 2001, katika uwanja wa ndege wa Washington wenye jina la Ronald Reagan, yaani rais aliyeapishwa mwaka 1981 huku akitangaza kwamba serikali ndiyo tatizo lenyewe. Walibertari, wale wanaoshikilia kuwa serikali isiguse mwili, mfuko wala mlango wa mtu bila sababu, wanakiri kwamba ukumbi wa hafla hiyo ulichaguliwa kwa ustadi mkubwa.

Kero haihitaji maelezo. Mzee wa miaka sabini na kitu amesimama kwenye foleni, mkono mmoja umeshika suruali kwa sababu mshipi uko kwenye trei, mkono wa pili unatafuta tiketi. Nyuma yake mama aliyetoka Mombasa, anayeunganisha ndege ya kwenda Minneapolis, anaangalia achari ya embe aliyopikiwa na dada yake ikitupwa kwenye pipa, pembeni ya watu mia, kwa kuwa chupa inazidi mililita 100. Ikiwa kweli ile achari ni bomu, pipa la katikati ya foleni ni mahali pa ajabu pa kulihifadhi. Ikiwa si bomu, basi ni achari.

Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanamkinga mtu na upekuzi usio na sababu za msingi. Msafiri hajashukiwa na yeyote. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna jaji aliyeulizwa. Mtu mzima anainua mikono juu mbele ya wanawe, anapapaswa mapajani na mgeni, kisha anasema asante. Huo ni udhalilishaji. Taifa lililoasi ufalme kwa sababu ya kodi na upekuzi limejifunza kupanga mstari na kuvua mshipi bila kuambiwa, na aliyelifundisha alijiita mhafidhina wa serikali ndogo.

Mamlaka ituwie radhi kwa ukali wa aya hiyo. Yafuatayo ni maombi, kwa unyenyekevu na kwa mpangilio.

Ombi la kwanza: matokeo ya majaribio ya siri yaliyovuja mwaka 2015, ambapo wapelelezi wa serikali walipitisha silaha na vilipuzi vya bandia mara 67 katika majaribio 70, yabandikwe pembeni ya tangazo linalokataza mizaha.

Ombi la pili: chenji ziachwazo kwenye trei, ambazo katika mwaka wa fedha wa 2018 zilikaribia dola milioni moja na ambazo sheria inairuhusu Mamlaka kubaki nazo, zirudishwe. Ada ya usalama nayo ipewe jina jingine. Ilianza kwa dola 2.50, ikapanda mwaka 2014 hadi 5.60 kwa safari ya upande mmoja, na sehemu yake sasa inakwenda kupunguza nakisi ya bajeti. Mtu analipia kupekuliwa kwake mwenyewe, kisha chenji ya malipo hayo inaziba pengo la Hazina.

Ombi la tatu: kina Salim, Ali na Mohamed waelezwe kwa nini herufi SSSS, alama ya upekuzi wa ziada, huchapwa kwenye pasi zao za kupandia ndege mara nyingi kuliko bahati nasibu inavyoweza kueleza. Marehemu Seneta Ted Kennedy alisimamishwa mara kadhaa mwaka 2004 kwa sababu tu jina lake lilifanana na la mtu aliyekuwa kwenye orodha ya washukiwa, naye alikuwa na simu ya kumpigia waziri. Salim hana. Ilichukua hadi 2014 jaji wa shirikisho huko Oregon kuamua kwamba utaratibu wa kujitoa kwenye orodha ya waliokatazwa kuruka ulikuwa unakiuka Katiba.

Ombi la nne ndilo kubwa. Kabla wanahistoria hawajaupandisha daraja urithi wa Bush, Mamlaka inaombwa iupitishe kwenye foleni ya kawaida. Zoezi lifanyike Jumatano inayotangulia sikukuu ya Shukrani, saa kumi na moja alfajiri, njia mbili zikiwa wazi na nyingine zimefungwa kwa utepe. Urithi ufike saa mbili kabla. Usipewe njia ya PreCheck, ile ambayo mwaka 2013 umma uliuziwa kwa dola 85 kwa miaka 5, ili haki ya kubaki na viatu miguuni, aliyozaliwa nayo kila mtu, irudi kama bidhaa.

Kwenye meza ya kwanza urithi utoe kitambulisho, tena kile cha viwango vya Real ID, sheria ambayo Bush aliitia saini Mei 2005 na ambayo ilianza kutekelezwa viwanjani Mei 2025. Mkaguzi ataona picha ya mgombea wa mwaka 2000, aliyeahidi sera ya nje ya unyenyekevu na kukataa kazi ya kujenga mataifa ya watu. Kisha atainua macho na kuona uso wa Machi 2003, majeshi yakiingia Iraq. Picha na uso havifanani. Urithi usimame pembeni.

Trei ya kwanza ni ya vifaa vya elektroniki, vitolewe nje ya begi. Hapo iwekwe Sheria ya Patriot ya Oktoba 26, 2001. Ron Paul, mlibertari wa Texas, jimbo la rais mwenyewe, alikuwa mmoja wa Warepublican watatu tu walioikataa katika Baraza la Wawakilishi. Kwenye Seneti aliyeikataa alikuwa Mdemokrat mmoja, Russ Feingold. Kifungu cha 215 cha sheria hiyo kilitumika kukusanya orodha za simu za mamilioni ya Wamarekani wasioshukiwa chochote, na umma haukujua ukubwa wa jambo hilo mpaka Edward Snowden alipolifichua mwaka 2013. Trei hii irudishwe kwenye mkanda ipite mara ya pili.

Trei ya pili ni ya vimiminika. Deni la taifa liliingia Januari 2001 likiwa kiasi cha dola trilioni 5.7, likatoka Januari 2009 likiwa trilioni 10.6. Bush hakutumia kura ya turufu hata mara moja mpaka Julai 2006, kwa hiyo kila alichoandikiwa na Bunge kilimwagika humo. Mwaka 2003 ikaongezwa huduma ya dawa za wazee kupitia Medicare, baada ya upigaji kura wa usiku wa manane kuachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu ili wabunge waliokataa wabembelezwe. Oktoba 2008 zikaongezwa dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki, na Desemba mwaka huo rais akasema mwenyewe kwamba ameziacha kanuni za soko huria ili kuliokoa soko huria. Kimiminika hiki hakiingii kwenye mfuko wa plastiki wa lita moja. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe lisingepita hapa.

Trei ya tatu italeta ubishi, na Mamlaka iwe na subira. Kanuni zinaruhusu dawa kuzidi mililita 100, mradi msafiri azitaje mapema. Urithi utazitaja: mpango wa UKIMWI wa PEPFAR, ulioanza 2003 kwa ahadi ya dola bilioni 15 kwa miaka 5, na ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo. Watu waliokwisha kuandaliwa matanga waliinuka vitandani. Februari 2008 Bush alipotua Dar es Salaam, wanawake walimchezea ngoma wakiwa wamevaa nguo zenye sura yake. Mlibertari thabiti atauliza ni nani aliyetozwa fedha hizo na kama aliombwa ridhaa, na swali lake ni halali. Anayemeza vidonge hivyo Kisumu au Mwanza naye ana jibu halali, nalo ni kwamba yuko hai. Trei hii ipite, na wanaotaka kubishana wabishane upande wa pili wa mashine.

Watetezi wa rais nao wasikilizwe, wakiwa bila mshipi. Watasema alipunguza kodi mwaka 2001 na 2003, na kwamba mwaka 2005 alijaribu kuwaruhusu wafanyakazi kuweka sehemu ya makato ya pensheni kwenye akaunti zao binafsi. Walibertari wengi walimshangilia kwa hayo, ingawa kodi iliyopunguzwa huku matumizi yakipaa ni kodi iliyoahirishwa. Watasema pia kwamba Septemba 11 haijajirudia. Ni kweli. Hata hivyo Richard Reid, mwenye bomu kwenye kiatu, alidhibitiwa Desemba 2001 na abiria na wahudumu wa ndege, na kijana mwenye kilipuzi kwenye nguo ya ndani alidhibitiwa hivyo hivyo Krismasi ya 2009. Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier ameeleza kwa miaka mingi kwamba yaliyosaidia hasa ni milango imara ya chumba cha rubani na abiria waliojua kuwa lazima wapigane. Hakuna kati ya hayo mawili linalohitaji mzee ashike suruali yake.

Mwisho wa mkanda itolewe hukumu. Barack Obama alirefusha vifungu vya Sheria ya Patriot mwaka 2011 na kueneza mashine za kukagua mwili mzima. Agizo la kuvua viatu, lililofanywa la lazima kwa wote mwaka 2006, liliondolewa Julai 2025, baada ya takriban miaka 19, bila yeyote kuombwa radhi. Kwa kipimo cha kilibertari, huo ndio uzito wa Bush: alijenga mamlaka ya dharura ambayo waliomfuata, wa chama chake na wa chama pinzani, waliona ni rahisi kuirithi kuliko kuivunja. Urithi huo usiruhusiwe kupanda ndege ya heshima mpaka upekuzi usio na tuhuma ufutwe, ukaguzi urudishwe kwa mashirika na viwanja vinavyowajibika kwa wateja wao, na chupa ya achari ilipwe fidia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasafiri wa Foleni ya Kawaida

Nakala: Maktaba ya Rais George W. Bush, Dallas