Namna ya Kutoa Maoni Juu ya Kitabu Bila Kukivisha Kilemba cha Ukoka

Hatua ya kwanza ni kukisoma kitabu chenyewe. Kisome chote, hadi ukurasa wa mwisho, hata pale mwandishi anapokuchosha. Sharti hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linalorukwa na wengi. Mjini hapa wamejaa mahodari wa kuichambua Vuta N'kuvute ambao wameiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, basi. Filamu ile naipenda, na ningemshauri kila mtu aitazame. Lakini riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999 na ina mambo ambayo kamera haikuyafikia. Anayetaka kusema neno juu ya riwaya aifungue riwaya. Ukiulizwa "Umekisoma?", jibu ni ndiyo au bado. "Nimekipitia" si jibu. Wanaopitia ni wapita njia.

Ukishamaliza, tulia kidogo. Maoni yanayotolewa jioni ileile huwa ni ya sura ya mwisho tu, na sura ya mwisho ina kelele. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ukiifunga usiku, asubuhi utaamka na hasira dhidi ya Zakaria: baba mlevi anayewachunga binti zake kwa mkong'oto, anayempiga Rosa kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Mkasirikie, anastahili. Ila ukikaa na kitabu siku kadhaa utaanza kuwakumbuka wengine. Kuna wanaume wazima, wenye elimu na vyeo, wanaompokea Rosa mara tu anapotoka kwenye macho ya baba yake, na hakuna hata mmoja aliyeshika fimbo. Hao wanahitaji hasira yako pia, na hawaipati usiku ule wa kwanza. Kitabu hiki kilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye kikarudi darasani kama kitabu cha kiada. Waliokizuia, kwa maoni yangu, waliyasoma aliyoyafanya Rosa na hawakuyasoma aliyofanyiwa.

Sasa uko tayari kusema. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu ulimi wetu umezoea njia tatu: kitabu kinaelimisha, kinaburudisha, kina mafunzo mengi. Maneno haya yanakifaa kitabu chochote kilichowahi kuchapishwa, kikiwemo cha mapishi. Mwandishi akiyasikia anatabasamu na kushukuru, lakini hana la kuondoka nalo. Amevishwa kilemba cha ukoka. Shule nayo imechangia. Tumefundishwa kukichana kitabu vipande vya fani na maudhui, dhamira, wahusika na mandhari, na kwa mtihani hilo lina kazi yake. Barazani, dada yako akikuuliza hicho kitabu kikoje, usimpe majibu ya mtihani. Mpe mahali. Mwambie ni ukurasa gani uliokufanya usimame.

Nitoe mfano wa kusimama. Katika kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, kuna mfupa. Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akiwa binti wa Sultani Seyyid Said. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Yeye akaanza kujifunza kwa siri, akiziangalia herufi za msahafu na kuziiga kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia, mfupa mpana, mweupe, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Mtoto wa kike anainama juu ya mfupa, anaandika, anafuta, anaandika tena, na hakuna wa kumsahihisha. Kisha, mwaka 1859, ndugu yake Barghash anapopanga kumpindua kaka yao, Sultani Majid, ni nani anayeandika barua za njama? Salme, msichana wa miaka kumi na mitano. Ukinielezea mfupa ule kisha ukaniambia kilichotokana nao, nitakitafuta kitabu. Ukiniambia kina mafunzo juu ya elimu ya mtoto wa kike, nitakuitikia kwa adabu na kuondoka.

Hapa mwongozo unagawanyika njia mbili, maana riwaya na tawasifu hazihojiwi kwa namna moja. Riwaya unaiuliza: nimekuamini? Tawasifu unaiuliza zaidi: unamwambia nani haya, na nani hajapewa nafasi ya kusema? Salme aliandika kwa Kijerumani, kitabu kikatoka mwaka 1886. Alikuwa ameondoka Unguja tangu 1866, mjamzito wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mume akafa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na baridi. Mwenyewe anasema alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake. Lakini ukisoma utaona pia anavyowaelekea Wazungu, anawasahihisha, anawaeleza nyumba ya kwao ilivyo, anataka waache kuwahurumia wanawake wa Mashariki kwa mambo wasiyoyajua. Katika hilo namuunga mkono kwa nguvu zote. Halafu unafika kwenye sura ya utumwa, na anautetea. Anasema wazi kwamba watumwa wa kwao hawakuteseka kama Ulaya inavyodhani. Watu waliokuwa wakifua, kupika na kubeba maji katika jumba lile la Mtoni wamejaa kitabuni, na hakuna hata mmoja anayeulizwa.

Usiifiche sura hiyo kwa sababu umempenda mwandishi, wala usikitupe kitabu kizima kwa sababu yake. Yaseme yote mawili kwa pumzi moja. Msomaji akishaweza kusema "nimempenda na katika hili nimempinga", mwongozo huu umemfaa.

Zoezi linalofuata ni gumu zaidi, nalo nalipenda kuliko yote: soma tawasifu pamoja na riwaya inayopita njia ileile. Anza na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na kiongozi wa misafara ya bara, aliyoyaandika kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyatoa mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Kiswahili chake kinakwenda mbio, hakipambi: tulitoka, tukafika, tukapigana, tukapata pembe. Pembe zinapimwa kwa frasila, wakubwa wanatajwa kwa majina, wapagazi kwa wingi wao. Kuna mahali anasimulia, bila haya hata kidogo, jinsi alivyosikia habari za wanawake wa ukoo wa kitawala wa Utetera waliotekwa zamani, akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao, na mzee Kasongo Rushie akampokea kama damu yake na kumwachia nchi. Simama hapo. Huyu ni msimuliaji anayekuambia kwa fahari kwamba hadithi ya uongo ilimpa utawala. Je, zile nyingine anazokuhadithia wewe? Swali hilo haliharibu utamu wa kitabu. Kwangu ndilo lililonifanya niisome kila sentensi kwa macho mawili.

Kisha chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 2022, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli ya 2021. Msafara ni wa zama za mwisho wa biashara ileile ya bara: mizigo, hongo kwa machifu, homa, deni. Lakini aliyeshika simulizi sasa ni Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kufidia deni kwa tajiri Aziz, na ambaye kwa muda mrefu anadhani amekwenda kutembea kwa ami yake. Ni Khalil, kijana mwingine wa rehani, anayemfungua macho dukani kwamba huyu si ami wa mtu. Ukitoka kwa Tippu Tip ukaingia kwa Yusuf, unawaona wale waliotajwa kwa wingi wakianza kuwa mmojammoja. Gurnah amebuni, Tippu Tip alikuwepo, na bado kuna ukweli ambao aliyekuwepo hakuuona au hakujali kuuona. Mtu anayedharau riwaya kwa kusema "mimi nasoma mambo ya kweli tu" mpe vitabu hivi viwili kwa mkupuo, asubiri kutoa maoni hadi avimalize.

Lipo kosa la upande wa pili: kumgeuza mwandishi kuwa mhusika wake. Ken Walibora alituachia Siku Njema, ambamo Kongowea Mswahili ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na akatuachia pia tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Mama yumo katika vyote viwili, kwa hiyo wasomaji hukimbilia kusema Kongowea ndiye Walibora. Hapana. Aliyebuni mama mmoja na kumkumbuka mwingine amefanya kazi mbili, mshukuru kwa zote mbili.

Tawasifu za viongozi zina kanuni moja tu, nayo haina msamaha: fungua kwanza siku ngumu. Utoto wa kuchunga mbuzi na kutembea kwenda shule peku utausoma baadaye. Benjamin Mkapa alitoa yake mwaka 2019, nami nilianza na Pemba, Januari 2001, pale polisi walipowaua waandamanaji. Hakuipita kimya, aliandika kwamba ni doa katika uongozi wake. Unaweza kuona maneno hayo yanatosha au hayatoshi, na mimi nasema hayatoshi kwa familia zilizozika, lakini yapo kwenye karatasi na jina lake liko juu ya jalada. Mzee Ali Hassan Mwinyi naye, aliyewahi kuuacha uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa maovu yaliyotendwa na watu wa chini yake huko Shinyanga, alitoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu mwaka 2021, na aliitoa kwa Kiswahili. Hilo la lugha nalihesabu katika maoni yangu na silioni kuwa dogo. Kiongozi akiyaeleza maisha yake kwa lugha ambayo dereva wa bodaboda anaweza kuisoma akisubiri abiria, amekubali kuhojiwa na watu wengi zaidi.

Kuna vitabu vinavyokataa kuelezwa kwa haraka. Nagona ya Kezilahabi ya 1990 ni kitabu chembamba, na kimewashinda wasomaji wengi walioingia wakitafuta kisa kinachoanza hapa na kuishia pale. Kwa kitabu cha namna hiyo, "sijaelewa" ni maoni halali, mradi uonyeshe ni wapi ulipoachwa. Anayejua anaweza kukuchukulia hapohapo. Wanaojifanya wameelewa hawasaidiki, na kwa bahati mbaya ndio wanaozungumza kwa sauti kubwa zaidi.

Juu ya ubishi: maoni yako yakipingwa, furahi, yamekuwa maoni. Mimi nasema roho ya Vuta N'kuvute ni Mwajuma. Watu wanamtaja Denge na siasa zake, wanamtaja Yasmini aliyemkimbia mzee Raza, na wote hao naelewa kwa nini wanatajwa. Lakini bila mwanamke yule wa Ng'ambo aliyemfungulia mlango binti asiye wa kabila lake, mapenzi ya Yasmini na Denge yasingepata chumba cha kufanyikia na riwaya isingepata mahali pa kukanyaga. Shangazi mmoja niliyebishana naye anasema nampamba, kwamba Mwajuma ni starehe tu na uamuzi mzito ulikuwa wa Yasmini mwenyewe alipotoka nyumbani. Akanionyesha ukurasa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: ukurasa, tena kwa heshima zake. Kwa aliyekuzidi umri sema, "Shikamoo shangazi, hapa mimi nimesoma vingine," kisha usome kwa sauti. Asikatwe mtu kauli akiwa ameshika kitabu wazi mkononi.

La mwisho ni katazo. Ukimsifia mtu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, mweleze ujuzi wa mpelelezi Bwana Msa kadiri upendavyo. Mweleze kiko chake, subira yake, na jinsi anavyowaacha wenzake waseme mengi ili yeye asikie machache. Mweleze kwamba Bwana Ali amekutwa amekufa mzimuni, maana hilo atalikuta mapema mwenyewe. Aliyemuua usimtaje. Akikusihi, akikununulia chai na kitumbua, akikuapia kwamba yeye huwa hajali kujua mwisho, kunywa chai, kula kitumbua, kisha mwazime kitabu.