Katika Kulisifu Biwi la Uani

Katika ua wa nyumba ya Handeni au Korogwe hakuna kinachodharauliwa kuliko biwi, yaani lundo la maganda, majani makavu na samadi linalorundikwa nyuma ya jiko ili lioze na kuwa mboji. Na kwa kuwa watukufu wengine wamekwisha kusifiwa na watu waliolipwa kufanya hivyo, ni haki nalo lipate msifu wake.

Sifa yake ya kwanza ni ukarimu. Biwi halimdai mgeni barua ya utambulisho wala halimwulizi kabila: mabua ya shamba la Mzigua, samadi ya zizi la Mmaasai, majani ya migomba ya Msambaa na maganda ya machungwa kutoka Mkata hulala pamoja, na baada ya miezi michache hakuna awezaye kusema nani alikuwa nani. Sharti lake ni moja, nalo huitwa uwiano wa kaboni na naitrojeni: takribani sehemu 30 za kaboni, iliyojaa katika vikavu kama mabua, kwa sehemu 1 ya naitrojeni, ambayo vibichi na samadi huwa nayo kwa wingi zaidi. Likizidishiwa vikavu husinzia, likizidishiwa vibichi hunuka. Hivyo hata likikasirika hutoa taarifa mapema, adabu ambayo wakubwa wengi hawanayo.

Pili, biwi hujipikia lenyewe. Lundo lenye kimo cha mita 1 hivi, likipata maji na hewa ya kutosha, huweza kufikia nyuzi joto 60 za Selsiasi kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa bila kudai kipande kimoja cha mkaa. Aidha hujua kuishi na mazingira yake, kwa maana penye ukame, kama sehemu nyingi za Handeni, hukubali kushuka shimoni ili litunze unyevu, na kwenye mabonde ya Korogwe, masika yanapojaza maji, hupanda juu ya ardhi lisizame.

Hata hivyo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa mazingira, biwi ndilo mshtakiwa wa kwanza. Hushtakiwa kwa harufu, ilhali harufu ni ya mwenye nyumba aliyesahau kuligeuza, maana hewa ikikosekana vijidudu vya namna nyingine hushika madaraka. Hushtakiwa kwa panya, waliofuata mabaki ya ugali na samaki ambayo halikuyaomba. Hushtakiwa kwa nyoka, ambaye alifuata panya na kwa hiyo analinda ua bila mshahara. Moto, kwa upande wake, husifiwa kuwa msafi: hugeuza majani kuwa moshi kabla ya chai ya asubuhi, hupeperusha karibu naitrojeni yote angani, jirani hukohoa, na wote hukubaliana kwamba ua umependeza.

Na udongo tayari unapoteza vya kutosha: mahindi yanayopakiwa kwenye malori kule Chanika, mjini Handeni, huondoka na naitrojeni, fosforasi na potasiamu ya udongo wa Handeni, wala lori halirudi na fidia. Huko Korogwe, mashamba ya mkonge yamekata majani kwa zaidi ya karne, na takribani asilimia 4 tu ya jani hutoka kama nyuzi huku sehemu kubwa iliyobaki ikitupwa; katika miaka ya 2000 ulijengwa pale Hale mtambo wa kuzalisha gesi kwa kuozesha mabaki hayo. Kazi hiyo ya kuozesha ilihitaji wahandisi na wafadhili. Biwi huifanya nyuma ya jiko, na halijawahi kukatiwa utepe.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kutojua kujitangaza. Mahindi yakistawi, muuza mbegu husifiwa, na mfuko wa mbolea ya kiwandani, ambayo mwaka 2022 bei yake ilipanda hata serikali ikaanzisha ruzuku, hupewa heshima iliyobaki. Biwi hutupiwa magunzi ya mahindi hayohayo, nalo huyapokea, kwa kuwa miongoni mwa yote liliyofunzwa na wanadamu, kususa halijajifunza.