Niongezee Mimi

Jumamosi moja saa tatu asubuhi, sebule ya nyumba fulani Magomeni, Dar es Salaam, ilihamia uani: makochi, meza ya kioo, hadi runinga na kitambaa chake. Mwenye nyumba, mpiga gitaa la solo, alikuwa amemwahidi mkewe kwamba kurekodi rumba moja ni kazi ya saa mbili. Magodoro yalisimamishwa ukutani kupunguza mwangwi, dramu zikafungwa sebuleni, na mwimbaji akapangiwa jikoni, baina ya mtungi wa gesi na kabati la vyombo.

Maiki zilikuwepo, kompyuta ilikuwepo, kadi ya sauti ilikuwepo. Swali ambalo hakuna aliyejiuliza ni hili: watu watano waliotenganishwa kwa kuta na magodoro watasikilizanaje?

Walianza na spika. Maiki ikanasa spika, spika ikarudisha kilichonaswa, nyumba nzima ikapiga yowe na kuku wa jirani wakaruka ukuta. Ikabaki hedifoni. Kadi ya sauti ilikuwa na tundu moja tu la hedifoni, basi kijana mmoja akapanda bodaboda hadi Kariakoo, akarudi na kigawanyio cha plastiki chenye matundu matano. Kila mmoja akachomeka alichokuja nacho, na ugomvi ukaanza.

Mpiga dramu, mzee ambaye wenzake wote humwamkia shikamoo kabla ya kumkosoa, ndiye aliyekuja na hedifoni za maana: za studio, kubwa, za kuziba masikio, zenye ukinzani wa omu 250. Hakusikia kitu. Mwimbaji kule jikoni alivaa vidude vilivyotoka kwenye boksi la simu, omu 32.

“Niongezee, kijana wangu,” akasema mzee.

Mwenye nyumba akazungusha kitasa. Jikoni ikasikika sufuria ikianguka, kisha mwimbaji akatoka ameshika masikio.

Kigawanyio hakijui heshima wala umri. Humpa kila mtu volti zilezile, na chenye ukinzani mdogo ndicho hunywa zaidi: omu 32 huvuta nguvu karibu mara nane ya omu 250. Lakini nani angewaza omu saa ile? Mzee aliona anadharauliwa, mwimbaji akaona anakomolewa. Amani ilirejea baada ya kuazima kwa kwaya ya mtaa wa pili kikuza sauti cha hedifoni, kijisanduku ambacho humpa kila mwanamuziki kitasa chake. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko gitaa lolote lililokuwa ndani ya nyumba ile, na ndicho kilichopaswa kununuliwa kwanza.

Wakapiga. Ubeti wa kwanza haujaisha, mzee akaweka vijiti chini. “Besi inalala.” Mpiga besi akaapa kwamba yuko juu ya mdundo, ila kidole chake kinatangulia na sauti inafuata nyuma. Wakatazamana kama wadeni. Mpiga ridhimu akanong’ona kuhusu bendi pinzani na mganga wao.

Mganga hakuwepo, ilikuwepo namba 1024. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone, huijaza kwenye bafa kwanza, kama mtu anayesubiri ndoo ijae ndipo aibebe. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya 1024 hujaa kwa milisekunde 23, na sauti hupita humo mara mbili, kuingia na kutoka. Jumla ni milisekunde 46 na ushee. Kwa mwendo wa sauti hewani, ni sawa na kumsikiliza mpiga besi aliyesimama mita 16 kutoka kwako, yaani kule genge la nyanya lilipo. Bafa ikashushwa hadi 128, besi ikarudi sebuleni. Mwimbaji alipoomba avae hedifoni zake za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti kuliko hata ile 1024, wote walimkatalia kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo bendi ilianza kwa wakati mmoja.

Mzee hakuacha kukumbusha kwamba enzi za Radio Tanzania bendi ilikaa chumba kimoja ikapiga pamoja kama jukwaani, na nyimbo zile zinasikilizwa hadi leo. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Saa saba ikafika. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni mwa jiko lake.

“Shemeji, dakika tano tu.”

“Mashemeji, hizo dakika tano zilianza saa tatu.”

Angefarijika, au angeudhika zaidi, kujua kwamba Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alitengeneza jikoni kwake hedifoni zilizoagizwa na jeshi la wanamaji mwaka 1910. Majiko yameteswa na hedifoni tangu zamani.

Muda uliobaki, kila mtu aliomba kitu kimoja: “Niongezee mimi.” Hakuna aliyesema mpunguze mwingine. Wakapandishana hivyo hadi masikio yakalia, wakati kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Mwimbaji akavua sikio moja ili aisikie sauti yake halisi. Kliki ya metronomu ikavuja kutoka kwenye kidude kilichoning’inia, ikaingia kwenye maiki, ti, ti, ti, palepale vyombo vinaponyamaza kwa huzuni. Wakarudia.

Wimbo ulikamilika saa kumi na mbili jioni. Ukiusikiliza kwa hedifoni nzuri, dakika ya tatu utamsikia kwa mbali mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na kipaza sauti chake, anauliza betri mbovu. Yuko kwenye mdundo barabara, na ndiye pekee ambaye hakuvaa hedifoni.