Ndizi, Mgonjwa Asiyelalamika

Wenye bahati wasifu ule mkono wa plastiki wa kutolea damu, uliochomwa na wengi hadi tundu la mshipa linaonekana ukiwa mlangoni. Mimi nasifu ndizi. Mwanafunzi wa udaktari aliyekuja likizo Muleba, huku mtihani wa vitendo unamngoja chuoni, ahangaike na nini? Wagonjwa wamejaa nyuma ya nyumba, mikungu kwa mikungu, na hakuna anayedai fomu ya ridhaa.

Mchane kwa wembe, mshone, mfumue, mshone tena. Halii. Wala hacheki, na hilo si dogo katika wilaya ambayo Januari 1962 kicheko kiliwapata wasichana wa shule ya Kashasha, na kufika Machi shule ikafungwa.

Kufundisha anafundisha, tena bila matusi. Kaza fundo kwa pupa kwenye ndizi mbivu uone: uzi unakata ganda, na jeraha lililokuwa moja linakuwa mawili. Ndizi mbichi ina adhabu yake, utomvu. Ukijifanya huhitaji glavu, unabaki na vidole vyeusi ambavyo sabuni haivisaidii, na kesho yake ndani ya Hiace ya Bukoba kila abiria anajua ulikuwa mkono mtupu.

Usafi wa vifaa ndio usiseme. Mnyauko wa bakteria ulipoingia migombani Kagera, miaka ya 2000, mkulima aliambiwa apitishe kisu kwenye moto au jiki kabla ya kugusa mgomba wa pili. Anayeokota mkasi ulioanguka sakafuni na kuendelea kushona, apelekwe kwanza shambani.

Ronald Harden wa Dundee, aliyeutangaza mwaka 1975 mtihani huu wa vitendo, ambao mwanafunzi huhama kituo hadi kituo kwa kengele, hakuitaja ndizi. Tumsamehe, Uskochi haina migomba.

Na ukiharibu? Unamenya, unatia sufuriani, ushahidi unaliwa na maharage. Ila uzi utoe wote. Bibi akiukuta sahanini, maswali yake yatakuzidi ya msimamizi yeyote.

Wapo wanaomlaumu mgonjwa huyu kwamba haitikii salamu, ndiyo maana wanafunzi wake huingia kituoni na kukimbilia sindano bila hata shikamoo, maksi za mwanzo zikapotea hapo hapo. Uonevu mtupu. Ndizi haijawahi kumkataza mtu kusalimia.